Yai la Bi Tunu

Haya, niambieni wajukuu zangu: ukileta njiwa nyumbani leo, kesho akarudi alikotoka, utamlaumu njiwa? Mmewasikia wakubwa wakisema, "Njiwa mgeni hushikwa na yai, si kamba," mkaja kuniuliza. Basi msemo huu ulianza hivi.

Kulikuwa na mjane akiitwa Bi Tunu, akiishi peke yake ng'ambo ya mto na njiwa wawili wa rangi ya majivu, dume na jike. Dume alikuwa na doa jeupe shingoni. Asubuhi akiwamwagia mtama alizungumza nao, maana hapakuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Mwanawe Shomari akaona hilo halifai. Akamhamishia kwake mjini, na njiwa akawatia katika tenga, mama asije akawalilia.

Mwajabu, mke wa Shomari, alikuwa mtu wa heshima. Bi Tunu akigusa ufagio, ananyang'anywa. Akisogea jikoni, "Mama, we kaa! Watu wakikuona na mwiko si watasema nakutumikisha?" Basi akakaa. Akaletewa chai, akaletewa mto wa kuegemea, kisha kila mtu akaenda zake. Kutwa macho yake yako barabarani.

Njiwa walipofunguliwa tu, wakazunguka paa, wakaondoka. Jioni Bi Tunu naye haonekani. Shomari akamkuta ng'ambo ya mto, amekaa kizingitini kwenye nyumba yake iliyofungwa, njiwa wako juu ya paa.

"Mama, kwangu umekosa nini?"

"Sijakosa kitu, mwanangu. Nimewafuata njiwa."

Akawarudisha wote. Safari hii Shomari akatafuta kamba awafunge njiwa miguu. Bi Tunu akacheka, kicheko cha kwanza tangu ahame.

"Utafunga mpaka lini, we mtoto? Siku ukifungua wanaondoka. Njiwa mgeni hushikwa na yai, si kamba. Wafungie bandani, wape majani makavu, ungoje."

Wakangoja. Jike akataga mayai mawili, wakawa wanayalalia kwa zamu. Ndipo mlango wa banda ukafunguliwa. Dume akatoka, akapaa juu, juu, akawa kama chembe ya mkaa angani.

"Amekwenda huyo!" Shomari akasema.

Lakini zamu yake ilipofika, dume akatua bandani, akaingia kwenye mayai. Jike akatoka kwenda kula.

Wote wakashangilia isipokuwa Bi Tunu. Alikuwa anaangalia tena barabarani. Shomari akamwona, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, njiwa wamekaa. Wewe je?"

Bi Tunu akageuza macho. Jikoni moshi ulikuwa unatoka, Mwajabu anakoroga mchuzi.

"Mmenifunga kwa heshima, wanangu," akasema, "na hiyo nayo ni kamba. Hapa hakuna chungu kinachoningoja. Nikifa asubuhi, mchana mtakula saa ile ile."

Mwajabu akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Njiwa mgeni hushikwa na yai, si kamba," akasema Bi Tunu, akanyoosha mkono. "Nipe huo mwiko, Mwajabu. Chakula cha jioni nataka nipike mimi."