Bomba Moja, Vifua Vitatu

Hapo zamani, lakini si zamani ya mbali, maana baadhi ya waliosaga mawe siku zile wanakohoa mpaka leo, palikuwa na banda la kusagia mawe katika kambi moja ya wachimba dhahabu, kusini mwa Ziwa. Ndani ya banda mlikuwa na makarasha matatu, zile mashine za kusaga mawe, na kila karasha lilikuwa na mlishaji wake. Kazi ya mlishaji ni kusimama mdomoni mwa mashine na kuitupia mawe, tangu asubuhi mpaka jua lizame. Jiwe linaingia, unga unatoka chini, vumbi linatoka juu. Unga ni wa mwenye mawe. Vumbi ni la aliye karibu.

Karasha la kwanza lililishwa na Luhende, mwanamume wa makamo aliyezeeka kabla ya umri wake. La pili lililishwa na Milembe, mjane. La tatu lililishwa na Kwandu, binti aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kazini, bado akicheka kwa sauti. Hadithi ni ya wote watatu, lakini tumfuate Milembe, kwa kuwa ndiye aliyeangukiwa na mzigo.

Milembe alikuwa amechoka. Wala si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Aliamka nao, akaufunga pamoja na kanga, akaenda nao kazini. Mumewe alililisha karasha lilelile. Alikohoa mpaka akafa, na Milembe akashika nafasi yake kabla hata wageni wa msiba hawajaisha, kwa sababu watoto watatu hawajui matanga. Wanajua njaa tu.

Sasa shikeni hili la desturi, maana bila hili hamtaelewa kitu. Pale bandani, vumbi lililotua lilikuwa haki ya mlishaji: la sakafuni, la kwenye maboriti, hata la nguoni. Jumamosi walifagia, wakakung'uta vilemba juu ya karai, wakaosha, na chini ya karai zikabaki chembe za dhahabu. Mshahara wa bosi ulitosha unga na dagaa. Sabuni, dawa na sare za shule zilitoka kwenye vumbi. Kwa hiyo watu walilipenda vumbi. Walilichukia pia, lakini walilipenda.

Siku moja wakaja wakaguzi. Waliingia bandani, wakaziba pua, wakatoka mbio. Wakamwambia bosi, Bwana Shigela: "Weka bomba la kufyonza vumbi palepale linapotokea, kabla halijafika puani mwa mtu. Usipoweka, funga banda." Kumwagia mawe maji kungesaidia, lakini unga uliolowa hugandana ndani ya karasha na mashine hukwama.

Bosi akanunua feni moja yenye nguvu, akamwita fundi bati, akatengenezewa bomba lenye mdomo mpana kama beseni. Vumbi likitoka tu, bomba linalidaka, linalipeleka nje nyuma ya banda, na kulitema ndani ya gunia. Jenereta ilimudu feni moja, na feni ilimudu karasha moja. Bomba likafungwa kwa Luhende, aliyekuwa mkongwe kuliko wote.

"Na gunia, bosi?" Milembe aliuliza.

"Gunia ni la mwenye feni."

Bosi alipoondoka, Milembe akamsogelea Luhende. "Kaka, hilo bomba linakula Jumamosi yako. Utaosha nini? Geuza mdomo wake juu, lifyonze paa."

Luhende akasita. Akasema kifua kinambana siku hizi. Milembe akasema vifua vya wote vinabana. Luhende akaugeuza.

Msimu mzima bomba likafyonza paa. Feni ikanguruma, wakaguzi wakapita barabarani, wakaisikia, wakaridhika. Milembe alicheka sana siku waliyopita. Kicheko hicho kilikuja kumuuma kuliko jambo lolote alilowahi kufanya.

Maana Luhende alianza kwisha. Suruali ikamvuka. Kutoka bandani kwenda chooni akawa anapumzika njiani, ameshika mti. Hospitalini wakampiga picha ya kifua, na daktari akamwambia: "Mzee, haya mawe yameingia mapafuni na hayatoki. Vumbi lisikuguse tena, hata siku moja. Sisemi upunguze. Nasema uache." Kesho yake asubuhi Luhende alikuwa mdomoni mwa karasha. Shamba alishaliuza ili aje machimboni, na nyumbani kulikuwa na watu wa kula.

Wakati huohuo bosi akaamua kuiuza feni. Alisema inamlia dizeli bure. Milembe akamwendea.

"Bosi, shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Feni usiiuze. Chukua vumbi langu lote, la sakafuni na la juu, mpaka mvua ziishe. Mimi sitafagia."

Bosi akamtazama kama mtu aliyechanganyikiwa, kisha akakubali, ila feni akaizima mpaka deni liishe. Mvua zile zilikuwa ndefu. Mtoto wa kwanza wa Milembe alikaa nyumbani muhula mzima, hana sare wala daftari, akiwatazama wenzake wakipita. Hakumuuliza mama yake kwa nini, na bora angeuliza.

Mvua zikaisha, feni ikawashwa, nayo haikuvuta kitu. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya bomba, na vumbi lilikuwa limegandamana kwenye viungo. Hapo Kwandu akapanda paa. Alilifungua bomba kipande kwa kipande, akakwangua, akafunga viungo kwa mpira wa tyubu. Mkono ukachanika kwa bati, akaufunga kitambaa, akaendelea. Kisha akawasha kipande cha gunia kuukuu, akausogeza moshi kwenye mdomo wa bomba. Ukiwa umbali wa kiganja, moshi ulimezwa wote. Akirudi nyuma hatua moja, moshi ulizurura ukapanda zake.

"Lazima likae karibu kabisa," Kwandu akasema, "la sivyo ni kelele tu."

Wakajaribu kuligawa. Waliweka midomo mitatu, kila karasha na wake. Moshi kwa Luhende ukapanda juu. Kwa Milembe ukapanda juu. Kwa Kwandu ukapanda juu. Bomba lililomtosha mmoja, walipolifanya la watatu, halikumtosha yeyote.

Bosi akaja, akamtupia Milembe waya na plaizi. "Wewe ndiye uliyelinunua kwa vumbi lako, funga unapotaka. Kesho asubuhi nikute limefungwa, na likifungwa limefungwa. Bomba la kuhamahama linavuja." Akapanda pikipiki yake.

Wakabaki watatu. Makarasha yamezimwa, na vumbi la mwisho linatua polepole.

Luhende alikaa juu ya mfuko wa mawe, akazungumza kwa vipande, kila kipande na pumzi yake. "Milembe. Lilikuwa langu. Niliugeuza mdomo kwa neno lako. Sikulaumu peke yako, nilikuwa na akili zangu. Lakini daktari amesema hata siku moja. Hewa iliyobaki ni ndogo, dada yangu. Niachie hiyohiyo."

Kwandu akainamisha kichwa. "Baba, unisamehe kwa nitakalosema."

"Sema, mwanangu."

"Mawe yaliyomo kifuani mwako hayatoki, hata ufungiwe mabomba kumi. Changu bado kisafi. Kati yetu watatu, ni mimi pekee ambaye bomba linaweza kuniokoa mzimamzima. Na lisingevuta leo kama si mikono yangu. Lingekuwa bati tu la kuuza."

"Kwa hiyo mimi nimeshakufa?"

"Sikusema hivyo, baba."

"Umesema."

Kwandu akaanza kulia, na Luhende naye akajuta kumliza.

Milembe akawaambia: "Basi tubadilishane zamu. Leo huyu asimame penye bomba, kesho yule."

Kwandu akatikisa kichwa. "Mama, zamu itanifikisha alipofika baba, ila kwa kuchelewa."

"Na mimi itanizika," Luhende akasema. "Yule daktari hakusema siku mbili katika tatu."

Kisha wote wawili wakamgeukia. Luhende ndiye aliyeuliza. "Na wewe, Milembe? Wewe husemi?"

Milembe alikuwa amejiandaa kusema kwamba yeye hataki kitu. Alikuwa amelipanga neno hilo tangu bosi alipoondoka, kwa sababu ya kile kicheko. Lakini neno halikutoka. Kilichotoka kilikuwa hasira, na hakujua alikuwa nayo nyingi kiasi hicho.

"Mimi nimeanza kukohoa," akasema.

Luhende akainua uso.

"Asubuhi tu, nikiamka. Baba watoto naye alianza hivyohivyo, asubuhi tu. Sijamwambia mtu. Mimi si mzima kama Kwandu, wala sijafika ulipofika, kaka. Nipo palepale alipokuwa mume wangu; angepata mtu wa kumtoa kwenye vumbi wakati ule, leo angekuwa hai. Nilikosea, nakubali. Nimelilipia kosa hilo kwa shule ya mwanangu. Nyinyi mkifa kuna wa kubaki na watu wenu. Mimi nikifa, wale watatu hawana mtu. Na nimechoka. Nimechoka kuwa mtu wa kusema chukueni nyinyi."

Maneno yote matatu yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililowachosha zaidi. Luhende akainuka kwa kushika ukuta, Kwandu akamshika mkono, wakaondoka pamoja bila kugombana.

Asubuhi walirudi wote. Luhende akasimama kwenye karasha lake, amejifunga kitambaa puani. Kwandu akasimama kwenye lake. Hakuna aliyemtazama Milembe, kwa heshima au kwa woga, sijui. Jenereta ikawashwa, feni ikaanza kunguruma, na chini mlimani pikipiki ya bosi ikasikika inapanda. Milembe akaunyanyua ule mdomo wa bati kwa mikono miwili. Akasimama nao katikati ya banda, plaizi kiunoni, waya umening'inia mkononi.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza huku mnavuta hewa msiyoilipia, mshikeni mkono mwanamke huyu mumwonyeshe pa kwenda, maana pikipiki imeshafika mlangoni. Yuko aliyelipoteza bomba kwa kumsikiliza mwenzake, na hana pumzi za kupoteza tena. Yuko aliyelifufua kwa mikono yake, na kifua chake bado kinaweza kuokolewa chote. Na yuko aliyelikataa kwanza, akaja kulinunua kwa shule ya mtoto wake, na ndiyo kwanza ameanza kukohoa.

Je, nani alistahili kupumua?