Kuchakulo Akamua Ufuta

Paukwa, wa mbele na wa nyuma!

Pakawa, tumetega masikio!

"Acha gunia, Mjomba!"

"Acha wewe!"

"Hili halivuki mto!"

"Litavuka!"

Hapo kale, ndugu zangu, Kuchakulo na mjomba wake Nungu walikuwa wakivutana. Huku mkia, huku miiba. Gunia lenyewe lilikuwa la mwisho la ufuta. Mengine yote Ngedere wa ng'ambo alikwisha kuyachukua. Kila mwaka ndivyo ilivyokuwa: magunia yanaenda, kinarudi kibuyu kimoja cha mafuta. Kibuyu kinaisha kabla ya masika, wanakula mchicha mkavu.

"Tukamue wenyewe," Kuchakulo akasema.

Nungu akacheka mpaka miiba ikagongana, kwacha kwacha kwacha. "Sisi? Sisi ni wa jembe, mwanangu. Kukamua ni kazi ya Ngedere. Likiharibika hili, masika tutakula nini?"

"Mchicha mkavu, Mjomba. Kama mwaka jana."

Nungu akaachia gunia. Kuchakulo akaanguka chali, pu!

Akaanza kazi. Robo ya kwanza akaiosha, akaitwanga ingali na maji. Tu! Tu! Tu! Ukatoka uji. Robo ya pili akaikaanga, akaikaanga, mpaka moshi ukaziba jua. Yakatoka mafuta meusi, machungu. Kanga akaonja, akatema.

"Shoga, hii ni dawa ya viroboto?"

Kijiji kizima kikacheka. Nungu akacheka kuliko wote.

Kuchakulo akalia kidogo. Gunia lilibaki nusu. Akawaza: ule uji ulikosa moto, dawa ya viroboto ikazidi moto. Basi safari hii akaukaanga ufuta kidogo tu. Akautwanga, akaurashia maji ya moto. Akautia katika kifumbu, kile cha kukamulia tui la nazi. Akaweka ubao juu.

"Mjomba, njoo ukae hapa."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mzito kwetu."

Nungu akanuna. Akakaa.

Ti! Ti! Ti! Yakatoka mafuta, yanang'aa kama asali.

Makapi yakawa chakula cha Kanga na vifaranga wake. Fuko akapata kazi ya kusuka vifumbu vingine. Masika yakaingia, mchicha ukaungwa.

Mmesikia, watoto? Na nyinyi wakubwa, msijifanye mmelala. Anayeuza mavuno yake vile vile alivyoyavuna atabaki nyuma ya anayeyatengeneza. Na kazi ya kutengeneza hakuna anayeijua siku ya kwanza. Utaharibu, utachekwa, utajaribu tena.

Hadithi yangu naitua hapa, mlangoni pa Kuchakulo, mavuno yaliyofuata, siku Ngedere alipokuja na magunia yake matupu.

"Hodi! Nimefuata ufuta!"

Nungu akamjibu kutoka ndani, amekaa juu ya ubao, kifua mbele:

"Subiri hapo hapo, bwana! Mtambo ni mimi, na mtambo hausimami ovyo!"