Yunisi na Kidonge cha Jioni

Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tunaipenda sana kwenye vikao vya harusi, mwenyekiti anapotaka watu wafungue mifuko yao, na maana yake ni kwamba jambo zito halimalizwi na mmoja. Lakini muulize huyo mwenyekiti ni lini alijaribu kumvunja chawa kwa kidole kimoja, atabaki anakukodolea macho. Yunisi wa Ujiji alijaribu. Tena chawa halisi, mwenye miguu, si hawa wa mjini wanaosifia matajiri.

Yunisi aliishi kwa kuanika dagaa. Tangu mumewe Gervasi afariki, yeye na bintiye Wema walikula na kuvaa kwa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Mikono yake ilikuwa myepesi, ila alikuwa na ugonjwa wenye sura mbili. Sura ya kwanza ilimlaza kitandani kama gunia la chumvi lililolowa, hana hamu ya kula wala ya kumjibu mtoto. Sura ya pili ilimrusha juu. Hapo hasemi, anamiminika. Halali, na wala hachoki. Mara ya mwisho aliporushwa, aligawa vyombo vyote vya ndani kwa wapita njia, yeye na Wema wakabaki wananywea uji kwenye mfuniko wa sufuria.

Baada ya aibu ile, mama mkwe wake alishuka kutoka Kalinzi, akamwambia bila kupepesa macho, "Mwanangu, nakupenda kama nilivyompenda Gervasi. Lakini hali hii ikikurudia, Wema namchukua. Mtoto hawezi kulelewa na upepo."

Maneno yale yalimchoma Yunisi kuliko mwiba wa samaki. Akaapa kuwa Wema haendi kokote. Akaenda kliniki, na Daktari Happiness akampa vidonge vya aina mbili.

"Hiki cha asubuhi kinakunyanyua kutoka kule chini," alieleza. "Hiki cha jioni kinakushika usipae. Vinafanya kazi pamoja. Ukinyanyuliwa bila kushikwa, Yunisi, tutakuja kukuokota juu ya mchikichi."

Yunisi alicheka, akameza kama alivyoambiwa. Miezi ikapita, akatulia kama maji ndani ya mtungi.

Shida ililetwa na mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa hutega kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka sana hupumzika, na giza likirudi hurudi ziwani. Mitumbwi hufika mwaloni, pale ufukweni inaposhusha samaki, alfajiri, na mwanika dagaa aliyechelewa huambulia magamba. Kidonge cha jioni kilikuwa na usingizi mzito. Kila siku za giza zilipoingia, Yunisi akawa anafika mwaloni jua limeshapanda na ndoo yake tupu inalia kwa upepo.

"Mama Wema, umekuja kununua dagaa au kuisalimia mitumbwi?" jirani yake Veneranda alimtania siku moja. Wanawake wote wakaangua kicheko.

Yunisi alirudi nyumbani akiwa amekunja uso. Nisipouza, Wema atakula nini? Na asipokula, bibi yake si atapata sababu? Ndipo akajitungia hesabu yake. Mbona wavuvi hupumzika mbalamwezi na hakuna anayewauliza? Basi kidonge cha jioni nacho kipumzike wakati wa giza! Cha asubuhi kitaendelea, maana hicho ndicho kinachompa nguvu. Mbalamwezi ikirudi, atameza vyote. Hakumwambia mtu. Daktari angeuliza maswali, na Veneranda ana mdomo.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Alikuwa wa kwanza mwaloni, dagaa wake wakubwa, wanang'aa kama fedha. Kisha akaanza kufika kabla hata wavuvi hawajarudi. Usingizi ukawa anauonja tu. Akanunua dagaa wa mtumbwi mmoja, kisha wa mwingine, mpaka chanja zake za kuanikia zikajaa. Akaanika juu ya bati, akaanika kwenye uzio, na siku moja vijana wa mpira wakakuta uwanja wao umetandazwa dagaa kutoka goli hadi goli.

"Mama Wema, sasa sisi tucheze wapi?" aliuliza nahodha.

"Chezeni ziwani! Mimi nauza mpaka Lubumbashi! Nitawajengea uwanja wenye paa!"

Jioni hiyo Wema alikuja akijikuna kichwa. "Mama, ninawashwa."

Yunisi alimwinamisha mapajani, akafunua nywele. Chawa huyo, mnene kama amelipwa mshahara. Mkono wa kushoto ulikuwa unageuza dagaa na haukutaka kuacha, kwa hiyo akambana chawa kwa dole gumba moja kwenye ngozi ya mtoto. Akakandamiza. Chawa akateleza, akakimbia. Akambana tena, akakandamiza kwa nguvu zaidi.

"Mama, unaniumiza! Kidole kimoja hakimvunji huyo. Weka na kingine!"

"Kingine kina kazi!"

Pikipiki ikasimama mlangoni. Bibi yake Wema akashuka, kapu mkononi. "Mwakeye!" alisalimia kwa Kiha, salamu ya asubuhi ambayo yeye huitoa saa zote. Alimwona mkwewe anaongea kama cherehani, huku mjukuu analia na kichwa kimejaa chawa. Uwanja mzima ulikuwa unanuka, maana mvua ilishapita juu ya wale dagaa.

"Nilishasema," alisema taratibu. "Habari zako zimenifika. Kesho tunapanda wote Kalinzi, mimi na mtoto. Kapu hili nimeleta la kubebea nguo zake."

Maneno yalikuwa yanamjaa Yunisi mdomoni, mia kwa mpigo. Akatazama dole gumba lake, jekundu kwa kukandamiza bure. Akaliona lilivyo peke yake. Akauma midomo mpaka maneno mengine yote yakapita, akabakiwa na yale aliyoyahitaji.

"Mama, shikamoo. Nimeacha kidonge kimoja kwa kusudi. Kesho kabla hujamchukua Wema, nipeleke kliniki. Na Veneranda twende naye. Mkiniona nataka kukimbia, nishikeni."

Asubuhi wakaenda, Yunisi katikati, mkono mmoja kwa mama mkwe, mwingine kwa Veneranda. Kila hatua miguu yake ilitaka kuruka, na kila hatua akaikatalia.

Mbele ya Daktari Happiness alisema yote, hata la mbalamwezi. Daktari hakumgombeza.

"Ulibaki na kinachokunyanyua, ukaacha kinachokushika. Cha asubuhi tunakisimamisha mpaka utulie, na siku kikirudi hakitarudi peke yake. Cha jioni usijianzie mwenyewe. Utaanza kwa kiasi nitakachokupa, na utakinywa mapema, jua likizama tu, ili alfajiri usingizi uwe umepungua. Tutapima damu kuona mwili unavipokeaje. Ukitaka kupata mtoto mwingine, njoo kwanza tuongee. Na kila kinachoingia mdomoni nikijue, hata dawa ya maumivu."

Bibi akakohoa. Akaingiza mkono kapuni, akatoa chupa ya maji ya mizizi. "Nilikuja nayo nimtulize kidogo kidogo kwenye chai."

"Mama!" Yunisi aliruka.

"Hiyo inabaki hapa, bibi," daktari alisema. "Hatujui ikikutana na vidonge hivi itafanya nini."

"Kumbe na mimi nilitaka kuvunja chawa kwa kidole kimoja," bibi alinong'ona, na Veneranda akacheka mpaka akashika ukuta.

Kalinzi ikaahirishwa. Bibi alisema anakaa mpaka mbalamwezi ya pili, aone kwa macho yake. Veneranda akawa ananunua dagaa wa wote wawili alfajiri, na Yunisi anaanika na kugeuza wa wote wawili mchana. Vijana wakarudishiwa uwanja, ingawa mpira wao ulinuka dagaa muda mrefu. Kuna siku usingizi ulimwelemea Yunisi, akatamani kuficha kidonge chini ya ulimi. Kila alipotamani, alimtazama Wema, akafungua mdomo, akameza. Akatulia polepole, na daktari akakirudisha kile cha asubuhi, cha jioni kikiwa palepale.

Mbalamwezi ya pili ilipotimia, bibi alimkagua Wema kichwa chote. Akampata chawa mmoja wa mwisho, mzee kuliko wote, akamkabidhi Yunisi kama anayempa mtihani. Yunisi akamweka kwenye kucha ya dole gumba moja, akaleta na la pili juu yake. Ta!

Bibi akaitikia kwa kichwa, akachukua kapu lake. Nguo za mtoto hazikuwamo. Alilijaza dagaa wakavu mpaka shingoni, akapanda pikipiki peke yake.

"Mwakeye, Bibi!" Wema akapiga kelele, ingawa ilikuwa alasiri.

Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.