Fisi na Chungu cha Bi Simba

Paukwa.

Pakawa!

Itikieni kama watu mlioshiba, hata kama nyama bado iko motoni. Paukwa.

Pakawa!

Haya. Kombo, acha hicho kifuniko, kaa chini. Nyama haitaki kuchunguliwa. Na wewe baba yake usijifanye huoni, nawe ulishachungulia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na meko yao, palikuwa na simba jike mzee, akiitwa Bi Simba. Meno yake yaling'oka moja moja, mwisho yakaisha yote. Kinywa kikabaki ufizi mtupu. Aliishi na Fisi. Fisi huyu hakuwa mtumishi wake wala mgeni wake. Bi Simba alimlea kama mwanawe. Mama yake Fisi alikufa yeye akiwa mchanga, hajaota jino, na Bi Simba ndiye aliyemtafunia nyama. Akatafuna, akatema, akamlisha. Akatafuna, akatema, akamlisha, mpaka Fisi akaota yale meno mnayoyajua, ya kuvunja mfupa kah!

Sasa ikawa zamu ya Fisi. Akampata ng'ombe dume, ng'ombe wa kulimia, mzee, aliyejifia mwenyewe malishoni. Nyama yake ngumu kama ukanda. Akaining'iniza juu ya moshi isioze. Kila kukicha anakata vipande, anavitia chunguni na chumvi, anakoka moto mkubwa. Bwata bwata bwata! Anatoa kipande, anaonja. Kinakatika mara moja. Anasema, laini hii. Anapakua, anampelekea mama yake.

Bi Simba anapokea, anashukuru. Anamwambia amwachie, atakula taratibu. Fisi anatoka na roho kunjufu. Akirudi, bakuli tupu.

Lakini Bi Simba akakonda. Kila siku anapelekewa nyama, kila siku anakonda. Mbavu zikamtoka. Akawa akisimama, anashika ukuta. Fisi akaongeza nyama, naye akazidi kukonda.

Jirani yao alikuwa Nguchiro, yule asiyeweza kukaa na neno tumboni. Akaanza kupita nyumba hadi nyumba. Nani asiyemjua Fisi, akasema. Nyama anaila mwenyewe, mama wa watu anaonyeshwa bakuli. Wanyama wakaamini. Na nyinyi mngeamini, msijitie wema. Fisi akitajwa pamoja na nyama, nani hukaa kusikiliza upande wa pili?

Wakamjia. Wakamwambia wanamchukua Bi Simba wamtunze wenyewe kabla hajafa kwa njaa, naye Fisi auhame msitu, asimwone tena. Fisi aliumia. Alilia mbele yao bila kuona haya. Akaomba aingie ndani kumuaga mama yake, basi.

Bi Simba alikuwa nyuma ya nyumba, akiota jua. Fisi akakaa kwenye mkeka wake kumngoja. Akahisi kitu kigumu kikimchoma. Akaufunua mkeka, akakuta shimo, na ndani ya shimo nyama. Vipande juu ya vipande, vya jana, vya juzi, vya tangu zamani. Nyumba yote ilinuka nyama ya moshi, nani angejua? Akashika kipande kimoja, akakigeuza huku na huku. Hakikuwa na alama ya jino. Kilinyonywa chumvi tu, kikaachwa.

Bi Simba akatokea mlangoni, akaona mkeka umefunuliwa. Akainamisha kichwa.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Niliona haya, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kutafuna. Na wewe ulikuwa ukiniletea kwa furaha."

Hapo Fisi akaelewa kosa lake. Siku zote alionja kwa meno yake. Kwa meno ya fisi hata mfupa ni laini, hata jiwe angesema limeiva.

Akawatolea wanyama zile nyama, wakaziona, lakini wakasema njaa ni ile ile, ahame tu. Akawaomba chungu kimoja tu kabla hajahama. Nguchiro akasema Fisi atakimaliza mwenyewe jikoni. Fisi hakubishana naye. Akaleta kamba ya mkonge, akawaambia wamfunge mdomo. Wakamfunga, wakakaza, krr.

Akaanza asubuhi. Akakata nyama ya muundi, ile yenye mishipa. Akaikaanga kwa mafuta yake yenyewe mpaka ikageuka rangi. Akatia vitunguu, na msiniulize fisi alitoa wapi vitunguu. Akatia tangawizi, kitunguu saumu, nyanya. Akamimina maji ya kufunika nyama, si zaidi. Kisha akazivuta kuni nje, akaacha makaa. Akafunika. Chungu kikabadili sauti. Si bwata bwata tena. Toko. Toko. Toko.

Harufu ikapanda. Mate yakamchuruzika Fisi pembeni mwa kamba. Nguchiro akasema imeiva hiyo. Fisi akatikisa kichwa. Akachukua unyasi, akafunua kidogo, akauchoma kwenye nyama. Unyasi ukapinda. Akafunika. Toko. Toko. Jua likafika utosini. Akachoma, unyasi ukapinda. Akafunika. Toko. Toko. Jua likaanza kushuka, akatia viazi, navyo vikaiva. Akachoma tena. Unyasi ukaingia taratibu, ukatokea upande wa pili.

Akapakua. Bi Simba akatia kipande kinywani mbele ya wote. Akakibana kwa ulimi juu ya kaakaa. Kikaachana chenyewe. Akafumba macho. Akatia kingine. Alikula mpaka akalamba chungu, lap lap lap, hakikubaki hata kiazi.

Kisha akamwita Fisi, akamfungua ile kamba kwa makucha yake mwenyewe.

"Leo," akamwambia, "umenitafunia."

Wanyama wakaondoka mmoja mmoja, Nguchiro wa kwanza. Habari ya kuhama haikutajwa tena. Fisi siku hiyo aliambulia mifupa, akaivunja kah kah, akacheka peke yake.

Basi, ukimpikia mtu, usipime kwa meno yako. Pima kwa meno ya mlaji. Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye chungu kilicholambwa. Chetu bado. Bibi yenu mkubwa yuko ndani anangoja, na mnajua kinywa chake kilivyo. Kombo, nenda nje ukaniletee unyasi.