Chui Aliyengojea Mwaka wa Nguchiro

Mwaka?
— Umekwisha!
Mwingine?
— Umeingia!
Umeingia lini?
— Tuambie wewe!

Basi tegeni masikio. Katika msitu wa kusini mwa Unguja aliishi Chui, mwenye nguvu nyingi, tumbo lisilotosheka, na shaka zilizozidi madoa yake. Maji yakitulia, alishuku. Yakitikisika, alishuku zaidi.

Siku moja ya Disemba, kwapu! akamkamata Nguchiro.

"Mwinyi wangu," Nguchiro akalia, "huoni nilivyokonda? Ningoje ninenepe, unile siku ya mwaka mpya wa kwetu."

"Ukitoroka je?"

"Tuape."

Chui alilipima kila neno, kisha wakaapa mbele ya wanyama wote: Nguchiro hatatoroka, na Chui atamla siku ya mwaka mpya wa kwao Nguchiro, si kabla, si baada. Atakayevunja kiapo, tumbo lake lipasuke, paa! Jambo moja tu Chui hakuliuliza: tarehe.

Mosi Januari fataki zikalia mjini, pu! pu! Chui akaenda mbio.

"Mwaka mpya huo!"

"Huo ni wa maofisini, Mwinyi. Wa kwetu bado. Ukinila leo, tumbo ni lako."

Chui akalishika tumbo, akarudi. Akapanga kokoto, akahesabu. Akagundua kwamba mwaka wa mwezi una siku mia tatu hamsini na nne, pungufu ya ule wa jua kwa siku kumi na moja. "Ahaa! Huu ndio alionificha!" Mwezi wa Muharamu ulipoandama, akaenda mbio.

"Mwaka mpya huo!"

"Huo nauheshimu, Mwinyi, tumeusomea dua. Lakini wa kwetu ni ule wa kuoga, nao bado. Ukinila leo, tumbo ni lako."

"Lini basi, mjanja we?"

"Ngoma zikilia, nitakuja mwenyewe kukuita."

"Uje mwenyewe kuliwa? Nani akuamini!"

Mwezi wa Julai ngoma zikalia kijijini. Wanaume wakapigana kwa mashina ya migomba, pwa! pwa! wakimaliza ugomvi wa mwaka mzima, wanawake wakaimba, kibanda cha makuti kikachomwa. Nguchiro akaoga, akajipaka mafuta, akaenda mlangoni pa Chui, wanyama wote nyuma yake.

"Shikamoo, Mwinyi. Mwaka mpya wa kwetu ni leo. Karibu unile."

Chui akarudi nyuma hatua mbili. Mara mbili amekataa, leo anajileta? Tena amenona? Tena na mashahidi? Anataka tumbo langu lipasuke hadharani!

"Si leo," akasema.

"Ni leo, Mwinyi, naapa."

"Ingekuwa leo, ungejificha!"

"Nile basi, jua linazama!"

"Ng'o! Niondokee na mafuta yako!"

Jua likazama, na kwa hesabu ya kwetu siku huisha magharibi. Wanyama wakapaza sauti: "Siku imepita! Kiapo kimesema si baada!"

Nguchiro akajikung'uta vumbi. "Mwaka mwema, jirani," akasema, akaenda zake kwa mkewe na wanawe.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye mabega na aibebe.

Na fundisho lake, wasikilizaji, ni hili: mshuku kila mtu, kila siku, nawe hutadanganywa kamwe. Mtazameni Chui. Nguchiro hakumdanganya hata neno moja.