Mzuka wa Baba Mwenye Nyumba

Bwana Shemboza alitaka kumtoa mpangaji wake, Bi Mwajabu, akadai mzuka wa marehemu baba yake haumtaki humo ndani. Akaleta wachunguzi wa mizuka na kinasa sauti chao.

"Mikono yote ionekane," waliagiza.

"Yangu hii hapa, nakanda unga," alijibu Bi Mwajabu, ameketi kigodani.

"Mzee, gonga mara moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana. Huyu mama ahame?" mchunguzi mmoja aliuuliza mzuka.

Ko! Ko!

"Muulizeni tena!" alifoka Shemboza.

"Unambishia baba yako, mwanangu?" alisema Bi Mwajabu, akiendelea kukanda. Mchunguzi akarudia swali.

Ko! Ko!

"Basi akae! Akae!" Shemboza akatangulia mlangoni.

Walipoondoka, Bi Mwajabu alirudisha kipande cha ubao chini ya mguu mfupi wa kigoda chake, kikaacha kugonga sakafu.