Aliyemfikisha Lugano Mwisho

Sogeeni tukae pamoja. Mwenye simu aiweke mfukoni, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, kwa sababu jambo ninalowasimulia limewashinda watu wazima walioletewa chai na kukaa nalo tangu asubuhi.

Kule Uyole, Mbeya, ambako mwezi wa sita mtu hutoka nje na blanketi mabegani, walikuwapo vijana wanne. Watatu walikuwa na vipaji vyao. Ambokile, fundi simu, alikuwa na mikono ya kufufua vitu. Ungempelekea redio iliyoangukia kisimani, angeitazama kama mgonjwa, aifungue, aifute, na jioni ungesikiliza taarifa ya habari. Subilaga, binti wa nyumba ya jirani, alikuwa na vidole vyepesi. Kwenye kibanda cha gemu cha pale sokoni, wavulana wakimwona anaingia walianza kukumbuka kwamba wametumwa dukani. Na Tusekile, aliyekuwa kidato cha nne, alikuwa na ulimi. Alikwenda kununua nyanya, na akirudi, wewe uliyebaki jikoni ulijua nani alivaa nini, nani kamnunia nani, na mvua ilianzia upande gani.

Wa nne alikuwa Lugano, kaka yake Tusekile. Huyu hakuwa na kipaji cha kutajika. Alikuwa na uvumilivu tu. Akishika jambo, haliachi.

Lugano alikuwa na miaka ishirini na miwili alipoanza kuumwa kichwa. Madaktari walimpima, wakamwita mama yake pembeni, wakamwambia kuna uvimbe ndani, na pale ulipokaa hapafikiki kwa kisu. Mama alirudi nyumbani akapika ugali, akaupakua, akasahau mboga jikoni hadi ikaungua. Lugano akajua.

Aliacha chuo. Siku aliyorudisha begi lake nyumbani alimwambia, "Mama, chuo sitamaliza. Lakini sitaki mwaka huu upite bila mimi kumaliza kitu."

Alikuwa na mashine ya gemu aliyopewa na mjomba wake. Akachagua gemu nne alizozitamani siku nyingi. Upande wa ndani wa mlango wa kabati lake akawa anaandika kwa chaki: kila gemu akiimaliza, anaandika jina lake, na chini yake kile kilichombakia moyoni.

Ya kwanza, ya mbio za magari, aliimaliza peke yake kabla ya Pasaka. Akaandika: "Barabara ilikuwa nzuri. Nilikuwa na haraka, sikuitazama."

Ya pili ilikuwa ya kujenga madaraja. Unapewa mto, miti na kamba, na upande wa pili kuna watu wanaongoja kuvuka. Alikuwa ameshavuka mito mingi, mashine ikatoa harufu ya kuungua, ikazima.

Akaitwa Ambokile. Aliifungua palepale mezani, akatikisa kichwa. Kifaa cha umeme kilikuwa kimeungua, feni imekwama, na lile jicho la ndani linalosoma diski limekufa. Vipuri hivyo Mbeya havikuwapo.

"Basi," alisema Lugano. "Nimefika nilipofika."

Ambokile akakusanya bisibisi zake. Sasa nisikilizeni: kijana huyu naye alikuwa na mashine yake. Aliiunda mwenyewe, kipande kutoka hapa, kipande kutoka kule, kwa muda mrefu, na ilikuwa imeanza kuwaka wiki ileile. Hakuwa ameicheza hata mara moja. Alirudi dukani kwake, akaifungua, akatoa kifaa cha umeme, akatoa feni, akatoa jicho. Kesho yake akavipachika kwenye mashine ya Lugano.

"Umevipata wapi?" Lugano aliuliza.

"Kwa fundi mwenzangu."

Lugano akarudi kwenye mito yake, akavusha watu wote. Akaandika kabatini: "Madaraja mengi yalivunjika. Watu wa ng'ambo waliendelea kuningoja."

Ya tatu ilikuwa ya mapigano. Mpiganaji mmoja anapanda mnara, kila ghorofa ina adui, na adui wa juu kabisa ni mkali kuliko wote. Lugano alikuwa amefika ghorofa za juu, mkono wake wa kulia ukaanza kulegea. Kwanza alidondosha kijiko. Halafu kikombe. Halafu ukawa umelala tu pajani, kama wa mtu mwingine.

Subilaga alikuja kumjulia hali, akamkuta ameshika pedi ya kuchezea gemu kwa mkono wa kushoto, anajaribu kubonyeza vitufe vya kulia kwa kidevu. Hakucheka, wala hakulia. Alisema tu, "Sogea kidogo."

Akakaa kuliani kwake, bega kwa bega. Wakashika pedi moja watu wawili: Lugano kushoto anamwongoza mpiganaji aende wapi, Subilaga kulia anapiga, anaruka, anakinga. Mwanzoni walikuwa kituko. Lugano anarudi nyuma, Subilaga anapiga hewa. "Nisubiri, dada!" "Wewe ndiye usogee!" Tusekile aliwacheka mpaka akashika mbavu. Lakini siku zilivyokwenda wakaacha kuambiana. Kidole cha huyu kikajua kidole cha mwenzake kinataka nini.

Mwezi huohuo palikuwa na mashindano ya gemu ya mkoa mzima, na mshindi angepelekwa Dar es Salaam kushindana na wa mikoa mingine. Kila mtu pale kibandani alijua nani atashinda. Asubuhi ya mashindano Subilaga alivaa viatu vyake vizuri, akapita kuaga. Akamkuta Lugano ametapika tangu alfajiri, amejikunyata kitandani, anatazama pedi mezani.

"Nenda," Lugano alimwambia. "Mnara haukimbii."

Subilaga akavua viatu. Siku ile hawakumshinda adui wa juu. Walimshinda siku nyingine, na mashindano yalikuwa yamepita. Lugano akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda: "Nimeshinda kwa mkono wa mwenzangu. Sikuona tofauti."

Ikabaki ya nne, na ndiyo iliyokuwa ndefu. Mchungaji mmoja anawavusha ng'ombe wake nchi kame, anatafuta mto ambao babu yake aliwahi kuuona. Njiani kuna upepo, kuna fisi, kuna visima vilivyokauka. Ng'ombe akifa harudi. Lugano aliianza akiwa anaona vizuri. Baadaye akawa anasogeza kiti karibu na runinga. Akasogeza tena. Siku moja akamwita mdogo wake.

"Tuse, washa runinga."

Tusekile alitazama runinga. Ilikuwa inawaka. Akakaa chini, akavuta pumzi, akasema, "Haya kaka, imewaka. Uko bondeni. Kushoto kwako kuna mawe mekundu, kulia kuna mti mmoja hauna majani. Ng'ombe wako nyuma yako. Yule mwenye baka jeupe anachechemea."

Tangu siku ile akawa macho yake. Alimweleza rangi ya vumbi. Alimweleza fisi alipo na anavyonusa. Maandishi ya Kiingereza alimgeuzia Kiswahili, na mchungaji akisema neno zito alilisema taratibu. Subilaga mkono wa kulia, Lugano mkono wa kushoto, Tusekile sauti. Ng'ombe alipokufa, Tusekile alinyamaza kwanza, na Lugano akauliza, "Yupi?" Naye akamwambia.

Vitabu vya Tusekile vilikaa mezani vimefungwa. Mwalimu wake alikuja nyumbani akasema, "Binti, mtihani wa taifa ni wiki chache zijazo." Tusekile akajibu, "Najua, mwalimu." Mwalimu alipoondoka, akarudi kuketi mahali pake. Mtihani aliufanya sauti imemkauka na macho mekundu.

Wakafika karibu na mto Jumapili moja mchana. Mvua ilikuwa inanyesha, na umeme ukakatika mtaa mzima. Lugano wakati huo alikuwa hali chakula tena, na kila mtu alijua hakuna Jumapili nyingi mbele. Ambokile akatoka mbio kwenye mvua, akarudi amebeba betri ya gari kifuani kama mtoto, na inveta begani. Akaunganisha nyaya. Gari alilochomoa betri ile halikuwa lake, na ugomvi wake na mwenye gari aliumaliza baadaye mwenyewe.

Runinga ikawaka. Wakatembea. Tusekile akaanza kusema kwa sauti iliyobaki.

"Naona kijani, kaka. Mbali. Sasa naona maji."

"Wamebaki wangapi?" aliuliza Lugano.

"Mmoja."

"Yule wa baka jeupe?"

"Huyohuyo."

Lugano akasukuma kijiti cha pedi kwa dole gumba, polepole sana. Subilaga hakubonyeza kitu. Hapakuwa na cha kupiga tena.

"Amefika?"

"Amefika. Ameinamisha kichwa."

"Anakunywa?"

"Anakunywa, kaka."

Lugano akaachia pedi. Akamwambia Tusekile amwandikie kabatini: "Nimefika na mmoja, naye alikunywa." Hizo ndizo gemu zake nne za mwaka ule.

Hakuufikia mwaka mwingine. Siku moja kabla hajafariki, mama yake alikuwa anamlowesha midomo kwa pamba, naye akasema, maneno yakitoka moja moja, "Mama. Mashine yangu. Mpe yule aliyenifikisha mwisho."

Mama akauliza, "Yupi, mwanangu?"

Alikuwa ameshalala. Hakuamka akasema tena.

Wakamzika. Kwenye matanga, shangazi mmoja alimkumbatia Subilaga mbele za watu akasema, "Huyu ndiye aliyemchezea marehemu hadi dakika ya mwisho." Ambokile, aliyekuwa anapanga viti, akasema bila kugeuka, "Alichezea mashine gani?" Tusekile alisikia yote mawili, akaingia ndani akafunga mlango. Ndipo ufa ulipoanzia. Wale watatu waliokuwa wakila sahani moja wakaanza kupishana barabarani kila mmoja akitazama upande wake.

Matokeo ya mtihani yakatoka. Tusekile alifeli.

Wiki hiyohiyo mama aliwaita wote. Mashine ilikuwa mezani, ameifunika kwa kitenge. Wajomba wawili walikuwapo, na mchungaji wa kanisa, na chai.

"Nimeombwa na mwanangu niitoe," mama alisema. "Semeni wenyewe. Mimi nasikiliza."

Ambokile alikuwa wa kwanza. "Mama, sikutaka kusema haya. Nilichomoa kifaa cha umeme, feni na jicho kutoka mashine yangu niliyoiunda mimi. Ile yangu ni boksi tupu, iko dukani, ninawekea misumari. Bila hivyo Lugano angeishia kwenye madaraja. Na siku ya mto, wangekaa mbele ya runinga nyeusi."

Subilaga akasema, "Mimi sina cha kuchomoa, nilikuwa na vidole tu. Mwaka ule ndio uliokuwa wangu wa kutoka hapa, watu wote wanajua. Wala sijutii. Lakini mnara ule na jangwa lile tulivipita mikono yetu ikiwa kwenye pedi moja. Mama, bado nausikia mkono wake. Nikikaa pale kibandani kwa watu, kushoto kwangu ni baridi."

Tusekile akawa wa mwisho.

"Mimi nitaurudia mtihani, hilo liacheni. Nyie mnamkumbuka akicheza. Mimi nilikuwa natazama runinga, mama. Miezi yote ile nilikuwa namtazamia ng'ombe, sikumtazama kaka yangu. Sura yake ya mwisho siijui vizuri. Ninachokijua ni njia alizopita, na zote zimo humo ndani. Ukiiwasha inaandika, 'Karibu tena, Lugano.' Akiichukua mtu mwingine, nitamwona wapi?"

Mjomba mmoja akasema basi igawanywe, kila mtu achukue sehemu yake. Mama akamtazama. "Atakayepata feni atakuwa amepata nini?"

Mchungaji akasema wapeane zamu. Wale vijana hawakutazamana. Mama akasema, "Baba mchungaji, hawa hawasalimiani."

Mjomba wa pili akasema mtoto wa nyumba ndiye mwenye haki. Mama akatikisa kichwa. "Tusekile nimemzaa. Nikimpa, hawa wawili watasema nimelipendelea tumbo langu, na mwanangu hakusema ampe wa damu. Alisema aliyemfikisha mwisho."

Akaweka kiganja juu ya kitenge. Akasema, "Nimeshampoteza mmoja. Nikikosea hapa, napoteza wengine. Nisaidieni."

Chai ikapoa. Hakuna aliyemsaidia, na kikao kikaahirishwa.

Basi, nimefika mnapopaswa kuanza ninyi. Msiniambie igawanywe, wala wapeane zamu, hayo mama ameshayasikia. Na msiniambie wote watatu wanastahili, hilo analijua kuliko sisi. Mashine ni moja, na neno la marehemu ni moja. Bila Ambokile gemu zisingewaka, bila Subilaga zisingechezeka, bila Tusekile zisingeonekana. Kila mmoja alitoa kilichokuwa chake, na hakuna aliyerudishiwa.

Wewe uliyekaa pale, na wewe binti uliyefuta macho ukidhani sikuoni: mngekuwa mama Lugano, mngempa nani? Na wale wawili mtakaowaacha watoke mlangoni mikono mitupu, mngewaambia nini?